Rezo ikikatika katikati ya malipo: uliza mbele, kisha tuma tena



Katika masomo mengine tunazungumza juu ya shamba: mbegu, udongo, kukausha kakao, kukata matawi ya kahawa. Hii mara tunatoka kidogo shambani na kuingia mu ofisi ya koperative, pahali trezoriye anakaa na telefone na kaye yake. Wengine watauliza: waagronome wanatafuta nini mu mambo ya telefone? Jibu ni fupi. Katika kutembelea koperative za huku Ituri, tuliona moja yenye mashamba mazuri ikikaribia kupasuka. Haikuwa juu ya ugonjwa wa kakao, haikuwa juu ya bei. Ilikuwa juu ya malipo yaliyotumwa mara mbili.

Ilikuwa siku ya posho, nyuma ya kupima kakao. Mama trezoriye alikuwa na karatasi za watu wengi mkononi. Alifika kwa mama mmoja mzee, kilo 42, feza 210.000 FC. Akaandika nimero, akaandika kode ya siri, akasubiri. Telefone ikafikiri, kisha kioo kikarudi cheupe. Hakuna mesaji. Watu walikuwa wanangojea, mvua ilikuwa inakuja. Akasema: "Haikuenda", akatuma tena. Usiku, rezo iliporudi, mesaji mbili ziliingia. Yule mama mzee alikuwa amepokea 420.000 FC. Yeye hakusoma vizuri, alifikiri koperative imegawa faida. Kesho yake alilipa masomo ya wajukuu na kununua mabati.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, 210.000 FC ilikosekana. Trezoriye hakuwa ameandika kitu juu ya ile siku. Mtu mmoja akasema neno "mwizi". Ndugu, munajua: huku kwetu neno kama lile halibaki mu ofisi. Linafika nyumbani, linafika kijiji cha pili, na kule linageuka kuwa "wale watu". Wiki iliyofuata wanachama watatu walipeleka kakao yao kwa wachuuzi wa barabarani.

Yule mama trezoriye hakuiba hata franga moja. Kosa lake lilikuwa kufikiri kwamba kimya ni "hapana". Hilo njo somo letu leo.

JUU YA NINI TUNALIPA KWA TELEFONE

Hatusemi murudi kwa mfuko wa feza. Kila mmoja anajua hatari ya kubeba feza mingi kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda au kwenda Mahagi. Kutuma feza kwa telefone kulianza kwa nguvu kule Kenya mwezi wa tatu 2007, na M-Pesa. Hapa Congo, Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2012. Leo tuko pia na Airtel Money na Orange Money, na kabine ziko mpaka kwenye masoko madogo. Ni chombo kizuri. Lakini kama panga, mtu anapaswa kujua namna ya kukishika.

NINI INAFANYIKA NDANI YA KILE KIMYA

Ukifungua menyu ya kutuma feza kwa kuandika nyota na nimero, unafungua njia fupi kati ya telefone yako na mashine ya kampuni. Ile njia ni kama kuitana kwa simu: rezo ikikatika, njia inafungwa. Lakini swali ni hili: ilikatika saa gani?

Kuna nafasi tatu.

Ya kwanza: rezo ilikatika mbele ombi lako lifike kwa mashine. Hapo hakuna kilichofanyika. Feza yako iko.

Ya pili: ombi lilifika, mashine ikatoa feza kwako na kuiweka kwa mwenzako, kisha rezo ikakatika wakati jibu linarudi. Hapo kazi imeisha kabisa, lakini wewe hukusikia.

Ya tatu: ombi lilifika, lakini liko kwenye mstari, linangojea zamu. Kazi itafanyika nyuma ya dakika kumi, pengine nyuma ya saa moja.

Wewe uliyeshika telefone, unaona kitu kimoja tu kwa nafasi zote tatu: kioo cheupe. Njo maana huwezi kujua kwa macho. Na mesaji ya kuhakikisha inasafiri njia ingine. Mesaji inaweza kuchungwa kwenye mashine ya kampuni na kungojea mpaka telefone yako ipate rezo tena. Feza inaweza kufika saa nane mchana na mesaji ikaingia saa mbili ya usiku.

Tuchukue mfano wa shamba. Umepanda mahindi leo. Kesho huoni kitu. Je, utapanda tena mu shimo lile lile? Hapana. Unangojea wiki moja hivi, kisha unapita mu mistari. Pahali hakujaota, unafukua kidogo kwa kidole: mbegu iko, imeoza, ama imekuliwa na panya? Nyuma ya kuona, njo unarudilia lile shimo moja. Mtu anayepanda tena kesho yake, nyuma ya siku kumi ana mimea mingi inayogombania chakula. Na malipo ni vile vile: ngojea, fukua, kisha rudilia.

MAJIBU MATATU, NA KILA MOJA NA KAZI YAKE

Telefone inaweza kukupa majibu matatu.

"Ndiyo": mesaji imeingia, iko na nimero ya operesheni, jina, feza iliyotumwa na solde iliyobaki. Kazi imeisha. Andika.

"Hapana": mesaji inasema wazi kwamba haikuwezekana. Soma sababu yake, maana kuna "hapana" za aina mbili. Kuna ya kupita, kama "huduma haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye". Hii inapona yenyewe, ni ya kungojea. Na kuna isiyopona yenyewe: nimero si sahihi, solde haitoshi, kode ya siri ni mbaya, konti ya mwenzako imefungwa. Ile, hata ukijaribu mara mia, haitabadilika, na ukikosea kode ya siri mara kwa mara konti yako inaweza kufungwa. Inaomba mtu asahihishe kitu mbele ya kujaribu tena.

"Kimya": hakuna mesaji. Hili si ndiyo, na si hapana. Ni swali. Na swali linajibiwa kwa kuuliza, si kwa kutuma.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawajui. Mashine ya kampuni haijui nia yako. Ukituma 210.000 FC kwa mama mzee, kisha ukatuma tena 210.000 FC kwa mama yule yule, kwako wewe ni malipo moja uliyorudilia. Kwa mashine inaweza kuwa malipo mawili, kila moja na nimero yake ya operesheni. Kwa hiyo tusitumainie mashine ituchungie. Tujichunge sisi wenyewe kwa kaye.

HATUA SABA ZA TREZORIYE

1. Andika mbele ya kutuma. Kila karatasi ya kupima iwe na nimero yake: 1, 2, 3, na kuendelea. Mbele ya kugusa telefone, andika mu kaye: nimero ya karatasi, nimero ya mwanachama, kilo, feza, saa, na solde uliyo nayo sasa. Hivi, hata telefone ikizimika katikati, kaye inajua ulikuwa unafanya nini. Karatasi moja ni malipo moja, basi.

2. Tuma mara moja tu. Soma nimero pole pole pamoja na mwenye kupokea, mara mbili. Kama telefone inaonyesha jina lake, lilinganishe na karatasi mbele ya kuweka kode ya siri.

3. Ukipata kimya, andika alama ya kuuliza "?" pembeni ya mstari ule. Usiache nafasi tupu, na usifiche. Mwambie mwenye kupokea mbele ya watu: "Mama, malipo yako iko njiani, hatujapata jibu. Tunaandika alama." Hii sentensi moja ingeokoa ile koperative tuliyosema.

4. Uliza. Angalia solde yako. Angalia mu menyu orodha ya operesheni za mwisho, kama kampuni yenu inaitoa. Omba mwenye kupokea aangalie solde yake pia, si mesaji tu. Solde ikiwa imepunguka kwa feza ile ile, malipo yalitoka. Solde ikiwa haijabadilika, usifurahi haraka: pengine ombi lingali kwenye mstari. Solde isiyobadilika mara moja haitoshi.

5. Ngojea, na kila mara ngojea zaidi. Uliza tena nyuma ya dakika kumi, kisha nusu saa, kisha saa mbili, kisha kesho asubuhi. Juu ya nini kuongeza muda? Siku ya soko watu wote wanabonyeza pamoja. Rezo ikianguka na kila mtu akarudilia kila dakika, ni kama watu mia wanaosukuma mlango mmoja: hata wale ambao wangepita, hawapiti.

6. Tuma tena wakati una hakika tu. Hakika ni nini? Ni mesaji ya "hapana", ama jibu la kampuni kwamba operesheni ile haiko. Ikiwa huna moja kati ya hizi, bado huna hakika. Ukituma tena, usifungue mstari mpya wenye nimero mpya. Tumia mstari ule ule, karatasi ile ile, na andika "mara ya pili" pamoja na saa. Hivi hakuna mtu anayeweza kulipwa mara mbili kwa karatasi moja bila mstari ule kusema.

7. Kilichokataa kabisa, kiweke pembeni. Chagua ukurasa wa mwisho wa kaye uwe ukurasa wa matatizo. Malipo yanayobaki na "?" mpaka kesho yake, ama yenye "hapana" isiyopona, yanahamia kule. Watu wawili, trezoriye na mmoja wa kamati ya usimamizi, wanayafuata pamoja: kwenye kabine, ama kwa kuita huduma ya kampuni. Wakati huo wengine wanaendelea kulipwa. Tatizo la mtu mmoja lisifunge malipo ya watu hamsini, na malipo ya watu hamsini yasifanye tatizo la mtu mmoja kusahauliwa.

MFANO WA UKURASA MMOJA

Hizi ni namba za mfano tu. Tunaacha gharama ya kutuma pembeni ili hesabu iwe rahisi. Ninyi muiandike kwa mstari wake.

Karatasi 13, mwanachama 08, kilo 30, 150.000 FC. Solde mbele: 1.650.000. Ndiyo. Solde nyuma: 1.500.000.

Karatasi 14, mwanachama 31, kilo 42, 210.000 FC. Solde mbele: 1.500.000. Kimya, saa nane na dakika kumi. "?"

Karatasi 15, mwanachama 19, kilo 20, 100.000 FC. Solde mbele: 1.500.000. Ndiyo. Mesaji inasema solde nyuma: 1.190.000.

Angalieni vizuri karatasi 15. Tulikuwa na 1.500.000, tukatuma 100.000. Tungebaki na 1.400.000. Mesaji inasema 1.190.000. Inakosekana 210.000 FC, sawasawa na feza ya karatasi 14. Basi karatasi 14 ilitoka, hata kama mesaji yake haijaingia. Trezoriye asiyeandika solde angetuma tena. Huyu anaandika pembeni ya 14: "imetoka, tunangojea nimero", na anaomba mwanachama 31 aangalie solde yake.

Hii tunaita mnyororo wa solde. Kila solde inapaswa kutoka kwa ile iliyo mbele yake: toa kilichotumwa, toa gharama, ongeza kilichoingia. Mnyororo ukikatika pahali, kosa liko pale. Hutafuti mwezi mzima.

UKIKOSEA, USIFUTE

Malipo yakienda kwa mtu mbaya ama mara mbili, hapana kufuta mstari, hapana kurarua ukurasa. Ongeza mstari mpya: "Kusahihisha karatasi 14: 210.000 FC ilitumwa mara ya pili, mwanachama atarudisha." Feza ikirudi, ongeza mstari mwingine. Kaye yenye kosa lililosahihishwa inaaminika kuliko kaye safi ambayo hakuna mtu anaielewa.

Na kama feza imefika kwa mtu asiyejulikana, ita huduma ya kampuni mara moja, na nimero ya operesheni mkononi. Kila saa inayopita, yule mtu anaweza kutoa ile feza kwenye kabine.

TELEFONE IKIPOTEA, AMA WATU WAKIKIMBIA

Huku kwetu hatuwezi kuandika somo hili bila kusema jambo hili. Kuna siku trezoriye anatoka nyumbani usiku na watoto mgongoni, na kaye inabaki. Je, koperative inafia pale?

Haitakufa, kama kazi ya kila siku ilifungwa vizuri. Jioni ya kila siku ya malipo, watu watatu wanakaa dakika kumi: trezoriye, magaziniye na mmoja wa kamati ya usimamizi. Wanalinganisha kilo za magaziniye na feza za trezoriye. Wanahesabu "?" zilizobaki. Wanaandika solde ya mwisho na kutia sahihi. Kisha wanafanya kopi ya ukurasa, kwa mkono ama kwa picha ya telefone, inayolala mu nyumba ingine.

Siku ya kurudi, ama siku ya kukutana pahali pengine, hamuanzi na zero. Munafungua kopi, munatafuta sahihi ya mwisho. Mbele ya ile sahihi kila kitu kimeisha, isipokuwa zile "?". Nyuma ya ile sahihi, munapita karatasi moja moja: wenye karatasi yenye alama IMELIPWA walilipwa, wengine munauliza kwa kampuni mbele ya kulipa. Usiandike kode ya siri mu kaye wala mu kopi. Telefone ikipotea, ita kampuni wafunge ile nimero. Feza haiko ndani ya telefone, iko kwenye konti.

KAZI YA MWENYE KUPOKEA

Malipo ni ya watu wawili. Mwanachama naye ana kazi yake.

Chunga karatasi yako ya kupima mpaka feza ifike. Ikifika, trezoriye aandike juu yake IMELIPWA na nimero ya operesheni.

Amini solde, usiamini mesaji peke yake. Wezi wanatuma mesaji inayofanana na ya kampuni, kisha wanaita: "Baba, nimekosea, nirudishie." Angalia solde yako mbele ya kurudisha hata franga moja.

Ukipokea zaidi ya kilo zako, sema siku ile ile. Feza iliyoingia kwa kosa si faida. Ni feza ya jirani yako aliyekausha kakao kama wewe.

ILE KOPERATIVE ILIMALIZA VIPI

Prezida wao alifanya jambo zuri: alisema hakuna mtu atahukumiwa mbele ya kupata karatasi. Waliomba kwa kampuni orodha ya operesheni za ile siku. Iliwaomba kwenda mara tatu. Mu ile orodha kulikuwa mistari miwili: nimero mbili za operesheni, feza sawa, mama mzee mmoja, dakika nne katikati. Waliisoma kwa sauti mbele ya mkutano wote. Mama mzee alisimama, akaomba musamaha, na wakakubaliana feza ikatwe kidogo kidogo kwa mavuno mawili. Mama trezoriye alibaki na kazi yake. Kati ya wale wanachama watatu, wawili walirudi. Mmoja hajarudi mpaka leo.

Fikirini juu ya yule mmoja. Feza ilirudi yote. Yeye hakurudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MU KIKUNDI

1. Mu koperative yenu, nani anajua malipo gani yangali na "?" leo? Ni trezoriye peke yake?

2. Mara ya mwisho rezo ilikatika katikati ya malipo, mulifanya nini? Mungefanya nini sasa?

3. Kaye ya malipo ikipotea usiku huu, mungeanza wapi kesho?

4. Chukueni ukurasa wa mwisho wa kaye yenu na mujaribu mnyororo wa solde. Unakatika pahali gani?

KWA KUMALIZA

Kumbukeni maneno matatu: andika, uliza, kisha tuma. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na wakati mwingine, pamoja na mali, jina la mtu mwema linapotea.

Tunaomba kila koperative ianze na siku moja ya malipo kwa namna hii, na kaye ya kawaida na biki. Mutuletee ule ukurasa wakati tutapita, tuuangalie pamoja. Kazi njema, na mavuno mema.